Wazee wa ustawi wa wanyama, mlidumuje? Nipo Tandahimba na moyo umeanza kupoa

DadaMifugo:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Mimi ni afisa mifugo wa kata, huu mwaka wangu wa tatu kazini. Msimu wa korosho umeanza, watu wameshika hela, na kila asubuhi mbele ya ofisi yangu zinapita bodaboda za kuku. Kuku hamsini, sitini, wamefungwa miguu kwa nyuzi za mifuko ya salfa, vichwa chini, midomo wazi. Juzi mmoja kichwa kilikuwa kinagonga kwenye spoki. Nikamsimamisha kijana, nikamsomea Sheria ya Ustawi wa Wanyama pale pale barabarani. Akaniuliza, "Dada, kwani hawa hawaendi kuliwa?" Watu wakacheka. Mtendaji wangu naye akacheka.

Nimeandika rasimu ya sheria ndogo ya kijiji, ina faini za kila aina. Iko kabatini tangu Aprili. Humu kuna watu wamepigania haya mambo miaka ishirini, thelathini. Naomba kujua mlidumuje. Na je, nikazane na faini?

Kipanga_wa_Sheria:
Pole dada. Sheria unayo, Na. 19 ya mwaka 2008, hiyo isikutie shaka. Ila usitegemee mambo ya haraka, hata kwa wenzetu hayakwenda haraka. Uingereza walipitisha sheria ya kwanza mwaka 1822, ya mbunge Richard Martin, nayo ilitaja farasi, punda, ng'ombe, kondoo na mifugo mingine ya namna hiyo, mbwa hakuwamo. Inasimuliwa kwamba bungeni walikuwa wakimcheka, na kwamba kwenye kesi moja punda mwenyewe aliletwa mahakamani ili vidonda vyake vionekane.

Halafu kuna Peter Roberts, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Hampshire. Mwaka 1967 alianzisha Compassion in World Farming baada ya kuchukizwa na ufugaji wa kubananisha wanyama ndani. Umoja wa Ulaya ulikubali mwaka 1999 kuachana na vile vizimba vya kawaida vya kuku wa mayai, ambamo kuku hawezi hata kukunjua bawa, na marufuku yenyewe ikaanza kutumika 2012. Roberts alifariki 2006. Piga hesabu mwenyewe.

Mstaafu_Mikindani:
Marahaba mwanangu. Huyo Kipanga kakupa ya Ulaya, mimi nikupe ya huku kwetu.

Nilianza kazi 1984, wakatuita mabwana mifugo, ingawa mifugo yenyewe Kusini ilikuwa ya kutafuta. Ndorobo, yule mbung'o, alikuwa kamaliza ng'ombe. Nilishinda na mbuzi, kuku na mbwa. Ng'ombe wengi tulianza kuwaona wafugaji walipohamishwa kutoka bonde la Usangu, 2006 na 2007, wakaletwa Kilwa na Lindi. Hapo ndipo Fuso za ng'ombe zikawa kitu cha kila wiki.

Sheria ilipotoka nilifurahi kama mtoto wa Idi. Nilitoa nakala kwa hela yangu, nikagawa kwenye vituo, kwa watendaji, hata kwa mafundi wa machinjio. Nilikuwa naitembeza kwenye mfuko wa shati. Nilikuwa kama wewe, mkono mmoja sheria, mkono mwingine faini.

Sasa nikusimulie jambo ambalo sijapenda kulisimulia. Mwaka 2011 nilisimamisha Fuso moja njiani, ina ng'ombe ishirini na wawili. Wamebanana, wawili wameanguka chini na wenzao wamewasimamia juu, mmoja pembe imekatika inatoa damu. Hakuna mchanga sakafuni, ni bati tupu na mavi, wanateleza. Nikasema leo ndiyo leo. Tukaenda nayo hadi kituo kimoja cha polisi, jina nalihifadhi. Ilikuwa saa nne asubuhi. Wakaanza kuandika maelezo. Mkubwa wao hayupo, asubiriwe. Saa sita. Saa nane. Gari liko juani.

Nikasema washusheni. Tunawashushia wapi? Sakafu ya Fuso inanifika kifuani. Ng'ombe aliyechoka ukimrusha pale anavunjika mguu. Hakuna zizi, hakuna kivuli, hakuna birika. Aliyekuwa akihangaika kuwapa maji ni yule yule dereva niliyemkamata, amepanda juu na ndoo yake ya kuoshea gari, anawamiminia midomoni mmoja mmoja. Mimi mtetezi wa wanyama nimekaa chini ya mwembe natia sahihi.

Jioni walikuwa wamekufa watatu. Kesi yenyewe haikufika popote.

Wiki mbili sikugusa ule mfuko wa shati. Si kwamba sheria ni mbaya, la. Ila nilikuwa nimeipigania yote isipokuwa kile kipande ambacho ng'ombe angekiona. Ng'ombe haoni faini. Anaona mahali pa kukanyaga, maji na kivuli.

Basi nikaanza upya, tena kwa udongo. Kwenye mnada wa karibu na kwetu tulijaza viroba vya udongo wa kichuguu, tukavipanga kwa mteremko mpaka usawa wa sakafu ya Fuso, pembeni tukachomeka magogo. Siku tatu, vijana sita, ugali na samaki wa kukausha juu yangu. Siku ya kwanza lori lilirudi nyuma likagusa magogo, ng'ombe wakashuka wenyewe, hakuna aliyepigwa fimbo wala kusokotwa mkia. Wachuuzi walikuwa wanaangalia tu, kimya.

Sheria ndogo ndiyo ikafuata huo udongo. Ilisema mnada usifunguliwe pasipo njia ya kushushia, maji na kivuli. Ikapita kwa miaka minne! Serikali ya kijiji ikaikubali, mkutano mkuu mara mbili akidi haikutimia, mara ya tatu mvua ikatawanya watu, mara ya nne ikapita. Halmashauri nayo ikakaa nayo mwaka mzima. Faini imo, ila iko kifungu cha mwisho.

Kwa hiyo hilo kabati lako la Aprili lisikutie homa.

Kwa wachuuzi, usianze na huruma, anza na nyama. Ng'ombe aliyehaha njiani anamaliza sukari ya misulini, nyama yake inakuwa nyeusi, kavu, haikai. Paliponyukwa fimbo pamevilia damu, mkaguzi anapakata anapatupa. Hapo mchuuzi anakusikiliza. Huruma waachie masheikh, nao wanaijua kuliko sisi: kisu kinolewe, tena usikinoe mbele ya mnyama. Niliwahi kumwomba sheikh mmoja aliseme hilo siku tatu kabla ya Idi ya kuchinja, nikapata kazi nyepesi kuliko semina zangu zote.

Jambo la mbwa nalo. Zamani kikitajwa kichaa cha mbwa, jibu lilikuwa bunduki au sumu. Tulipinga sana. Ukiua mbwa, baada ya miezi kuna wengine wachanga wasio na chanjo, umerudi pale pale. Kuanzia 2010 mradi ule ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani uliingia Lindi na Mtwara, kazi ikawa kuchanja, na lengo ni mbwa saba kati ya kumi. Ungewaona watoto wanavyoburuta mbwa kwa vipande vya khanga na kamba za mnazi, kila mmoja wake anaitwa Simba. Wale watoto ndio walionidumisha, kama hilo ndilo uliloniuliza.

Dereva_wa_Kusini:
Mzee umesema ukweli mchungu. Sisi madereva tunaonekana mashetani. Nikiweka ng'ombe kumi na nne badala ya ishirini na mbili, nauli ya wale wanane nani ananilipa? Mwenye mzigo anataka gari lijae. Mkamate na yeye basi. Mchanga sakafuni nakubali, naweka siku hizi, ng'ombe akianguka hata mimi nalala njiani namwinua.

Mstaafu_Mikindani:
Dereva, hapo umenibana. Mwenye mzigo nilikuwa simgusi, nilikuwa naogopa maneno. DadaMifugo, andika kwenye rasimu yako: mwenye mzigo na msafirishaji, wote wawili.

DadaMifugo:
Ahsanteni sana. Mzee, la Fuso limenikosesha usingizi. Nimeitoa rasimu kabatini, nimeisoma upya: vifungu kumi na kimoja, tisa ni faini.

Leo nimekwenda kwa msusi wa matenga. Tenga la kawaida ni pana, bodaboda linagonga watu kwenye njia za mikorosho, ndiyo maana vijana hawalitaki. Tumepima keria pamoja, anasuka jembamba na refu, la ghorofa mbili, kuku kumi na tano kila moja, wamekaa kwa miguu yao. Yule kijana wa "hawaendi kuliwa" nimemuuliza huwa wanakufa wangapi mpaka afike Mtwara mjini. Akanyamaza kidogo, akasema wanne, siku ya jua kali hata sita. Akaniuliza tenga bei gani.

Mstaafu_Mikindani:
Umeshaanza. Lile la kwanza muazime, usimuuzie, apige safari tatu ahesabu mwenyewe. Mwambie aondoke alfajiri, kuku hatoki jasho, jua likishakolea hata tenga halimsaidii. Na likirudi lioshe, ulianike juani kutwa nzima kabla hajapakia wengine, ugonjwa wa mdondo unapenda sana miezi hii. Wale wa kijijini kwako uwe umewadondoshea chanjo jichoni, kila miezi mitatu.

DadaMifugo:
Sawa mzee. Mtendaji kapita hapa jioni kuliangalia. Kasema Jumamosi nimpelekee majogoo wake wawili kwa shemeji yake Mtwara, lakini wakae ghorofa ya juu.