Fuvu la Mkwawa umelifanya kikombe cha wachawi, halafu unatuambia "makabila ya kubuni"?

Wakuu, kamwene. Ishikeni hiyo salamu, tutairudia.

Kuna mwandishi anauza simulizi za kufikirika vipande vipande kwenye magrupu ya WhatsApp, buku tatu mpaka mwisho. Simtaji. Mwanzoni kaandika kwa majigambo kwamba makabila yote humo kayabuni mwenyewe. Nikalipa. Nimefika sehemu ya 6, uvumilivu umenishinda.

Makao makuu ya ufalme wake yanaitwa Kalengwa. Yaani Kalenga yetu ya hapa Iringa, kaiongezea herufi moja tu. Mfalme ni Mkwavi. Mkwavinyika, jina kamili la Mkwawa mtawala wa Wahehe, kakatwa mkia! Anajiua porini wageni wasimkamate, wageni wanachukua kichwa, kisha wachawi wanalinywea fuvu wapate kuona gizani.

Huyo ni babu wa watu, jamani. Alijipiga risasi 1898, Wajerumani wakaondoka na kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kifungu cha 246, ukawaagiza wakabidhi fuvu kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Likarudi 1954. Hesabuni wenyewe hiyo miezi sita. Leo liko kwenye makumbusho ya Kalenga. Wewe unalinywea.

Na kamwene, salamu ya Kihehe, kaifanya neno la siri la kufungulia pango la mazimwi. Bibi yangu anawasalimia nayo majirani kila asubuhi, sijaona pango likifunguka.

Nilimfuata pembeni kwa adabu. Akanijibu: "Kaka, fantasia hiyo, na Wahehe nimewapa promo." Promo!

Ukimtaka Mkwawa, mwandike Mkwawa, panda gari uende Kalenga ukaulize wenyewe. Ukitaka kubuni, basi buni. Kaangalie Kitulo, kule nyanda za juu, mwezi wa 7, baridi inauma na ukungu ukishuka huoni hata ng'ombe unayemswaga. Watu wa huko kwenye hadithi yako wangewekeana sheria gani? Tuseme deni halidaiwi ukungu ukiwa chini, kwa sababu mdai lazima amwone mdaiwa usoni. Hapo hapo umepata wajanja wanaokopa wakiona mawingu yanakuja, wakopeshaji waliohamia bondeni kufuata jua, na binti anayetembea na deni la baba yake kijiji ambacho ukungu haujawahi kuondoka. Nimeyatunga hayo nikisubiri chai ichemke, na sijafukua kaburi la mtu.

Mtaniuliza mbona mazimwi ya Wazungu tunayachukua bila hodi. Kweli tunayachukua. Ila mazimwi hayana wajukuu wanaosoma simulizi kwenye simu.

Nataka buku tatu zangu. Na mwenye kusema "povu hilo" aje tu, niko Ipogolo, baridi imekaza, sina pa kwenda.