Maktaba ya kukokotoa mahali pa Jua, Mwezi na sayari: nianze kuboresha wapi?

Muulizaji

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninatunza maktaba ndogo (msimbo unaotumiwa na programu nyingine) ya kukokotoa mahali pa Jua, Mwezi na sayari, inayotumiwa na programu ya simu ya kuonyesha saa za Mwezi kuchomoza na kutua. Sayari nazikokotoa kwa nadharia ya VSOP87, na Mwezi kwa ELP-2000/82 iliyofupishwa. Nilipolinganisha majibu yangu na ya mfumo wa Horizons wa JPL, maabara ya NASA, sayari zilikubaliana vizuri. Mwezi ndio unaonitatiza: ukitazamwa kutoka Unguja, karibu na upeo wa macho, wangu huwa juu zaidi kwa karibu digrii moja, na hata nikilinganisha kutoka kitovu cha Dunia, huwa nyuma kwa takriban sekunde 40 za tao (dakika ya tao ni 1/60 ya digrii, na sekunde ya tao ni 1/60 ya dakika hiyo). Nafikiria kuhamia DE440, faili la JPL la mahali pa sayari na Mwezi, na kuongeza hesabu kamili ya nuteshoni (kuyumba kidogo kwa mhimili wa Dunia) ya IAU 2000A, modeli ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia. Je, niko sahihi kuanzia huko?

Jibu la kwanza

Ndugu, usianzie huko, kwa kuwa kasoro zote mbili zina sababu zilizo karibu zaidi. Hiyo digrii moja ni paralaksi. Mwezi uko karibu nasi kiasi kwamba mtu aliye juu ya uso wa Dunia huuona chini kuliko ambavyo ungeonekana kutoka kitovuni, kwa wastani wa dakika 57 za tao unapokuwa kwenye upeo wa macho, na tofauti hiyo hupungua hadi karibu sifuri ukiwa utosini. Kwa Unguja, maana yake ni kwamba programu yako huchelewesha kutua kwa Mwezi kwa dakika nne hivi, na kwa anayetafuta mwezi mwandamo dakika nne si jambo dogo.

Kasoro ya pili ni ya saa. Bila shaka unaipa nadharia ya Mwezi saa ya UTC (saa ya kawaida ya dunia), ilhali inataka TT (saa sawia ya hesabu za anga), ambayo tangu Januari 2017 imeitangulia UTC kwa sekunde 69.184. Mwezi husogea mbele ya nyota kwa takriban sekunde 0.55 za tao kila sekunde; zidisha, utapata 38. Jua husogea polepole mno, kwa hiyo kosa hilohilo kwake halifiki sekunde 3 za tao, na ndiyo maana hukulishuku.

Tahadhari moja: usiongeze sekunde 69 kila mahali. Mzunguko wa Dunia kwenye mhimili wake hufuata UT1, saa inayopimwa kwa mzunguko huo wenyewe, na ukiuingizia TT anga lote litahama kwa dakika 17 za tao. Funksheni zako zipokee saa zote mbili, kila moja kwa kazi yake.

Jibu la pili

Nakubaliana na hayo, ila kubadilisha funksheni zilizopo kutavunja programu za watu. Ningeacha za zamani zipokee UTC na kuibadilisha zenyewe ndani, kisha niongeze mpya kando.

Kuhusu nuteshoni, IAU 2000A ina vipengele 1,365, lakini IAU 2000B ina 77 tu, na kwa miaka yetu hii hupishana na ile kamili kwa takriban elfu moja ya sekunde ya tao. Kwenye simu hiyo inatosha na kusaza. Isitoshe, angahewa hupinda nuru kwa takriban dakika 34 za tao kwenye upeo wa macho, kiasi kinachobadilika na joto na mgandamizo wa hewa. Kuonyesha kutua kwa Mwezi hadi sekunde ni kujidanganya.

DE440 itumie kwenye kompyuta yako: kokotoa mahali pa Mwezi kwa tarehe kadhaa, uhifadhi majibu kama vipimo vya kila toleo jipya, na usiwabebeshe watumiaji faili hilo.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Nimetenganisha TT na UT1 na kuongeza paralaksi, nikiziacha funksheni za zamani zilivyo kwa nje. Tofauti iliyobaki kwa Mwezi haizidi sekunde 10 za tao, kiasi kinacholingana na ufupisho wa nadharia niliyotumia. Nuteshoni nitaibadilisha kwa IAU 2000B katika toleo lijalo.