Perege na vyura kwenye bwawa moja la nyumbani, inawezekana?

mkazi_kibaha
Habari wakuu. Nina bwawa dogo nyuma ya nyumba huku Kibaha, la turubai, mita 3 kwa 4, kina kama mita moja hivi, ndani kuna perege waliokomaa na juzijuzi nimeongeza vifaranga. Sasa tangu masika yaanze vyura wamehamia jumla jumla, usiku hakulaliki, na pembeni mwa maji viluwiluwi wamejaa mpaka panaonekana peusi. Jirani ananishauri nimwage dawa ya wadudu yaishe, ila mimi vyura nawataka, tangu waje kwenye mchicha wangu wadudu wamepungua kabisa. Nifanyeje wakae wote bila vifaranga kuliwa? Na hao viluwiluwi wana madhara kwa samaki?

fundi_mabwawa_moro
Mkuu dawa ya wadudu usithubutu, samaki watakufa kabla ya vyura, na hao perege huwezi tena kumpa mtu ale.

Jambo la kwanza jua una chura gani maana hawafanani hata kidogo. Chukua tochi usiku uende taratibu. Ukikuta wenye ngozi kavu ya vipele wamekaa pembeni wanalia, hao wanakuja kutaga tu halafu wanarudi zao bustanini kula wadudu, mayai yao ni uzi mrefu wenye punje nyeusi kama shanga, umezungushwa kwenye majani. Viluwiluwi wao weusi samaki wengi hawawapendi, hawana ladha nzuri. Hao hawana shida kwa vifaranga vyako, hawawali.

Lakini ukiona chura kabapa, anateleza, macho yako juu ya kichwa na miguu ya nyuma ina vikucha vyeusi, huyo ndo adui. Huyo anaishi majini karibu maisha yake yote, hana ulimi, anasukumia chakula mdomoni kwa mikono, na kifaranga cha samaki kinachoenea mdomoni hakiachi. Mvua ikinyesha usiku anatembea nchi kavu kutoka bwawa hadi bwawa, ndo maana watu wanashangaa katokea wapi na bwawa ni jipya.

mkazi_kibaha
Asante sana mkuu, nimeangalia jana usiku, wengi ni wa vipele ila kwenye kona nimeona wawili watatu wa kubapa, walizama haraka sana.

mama_vifaranga
Hao wa kubapa watege mdogo wangu. Dema dogo lenye mdomo mwembamba, weka vipande vya maini ndani, hakikisha sehemu ya juu ya dema inabaki nje ya maji maana chura anavuta hewa juu na akikosa atakufia humo na kuchafua maji. Mimi nawatoa hivyo kila masika, siku za kwanza wanaingia wengi kisha wanapungua.

Kuhusu viluwiluwi, wakiwa wachache waache, wanakula ule ukijani wa kwenye turubai. Wakiwa wengi kama unavyosema hapo kuna shida, chakula unachomwaga wanakila wao na hewa ya majini wanaigawana na samaki, na alfajiri ndo hewa inakuwa ndogo zaidi, kwa hiyo ukiamka ukakuta perege wamepanga midomo juu ya maji ujue wamezidiwa, punguza chakula siku hiyo na ongeza maji mapya. Mayai yachote asubuhi na kipande cha chandarua kabla hayajaanguliwa, kwa joto la kwetu ni siku moja mbili tu tayari.

Vifaranga vitenge. Weka "hapa", yaani kizimba cha chandarua, humohumo bwawani mpaka wafikie urefu wa kidole, hapo hata chura wa kubapa hawezi tena, na perege wakubwa nao wanakula vifaranga usisahau, usimlaumu chura peke yake.

shamba_kakamega
Huku kwetu tumeishi na hii kitu sana, ule mradi wa ufugaji samaki wa serikali ya Kenya wa 2009 ulichimba mabwawa ya mita 300 za mraba na yaliyoachwa bila kuangaliwa yakageuka makao ya vyura. Kilichosaidia mimi ni kufyeka nyasi zote ukingoni na kuzungusha neti fupi, sehemu ya chini ifukiwe kwa udongo, wale wa kutambaa hawapiti. Wale wa mitini watapita tu. Ukiona povu jeupe kwenye tawi juu ya maji hayo ni mayai, kata tawi ulining'inize juu ya beseni, viluwiluwi wakidondoka wanadondokea huko.

fundi_mabwawa_moro
Naunga mkono, na kwa sababu mkuu anawataka vyura kwa ajili ya mchicha, wachimbie dimbwi lao kando, kina cha kiganja hadi goti linatosha, ukingo mmoja uwe mteremko wa mawe ili vichura vidogo vitoke, halafu mayai unayochota bwawani unayamwaga huko. Magugu maji usiweke kabisa, yatafunika kila kitu, weka yungiyungi.

mkazi_kibaha
Na mbu je kwenye hilo dimbwi lisilo na samaki? Mama watoto atanifukuza.

mama_vifaranga
Swali zuri sana hilo. Viluwiluwi usiwategemee kwa mbu, chakula chao ni ukijani. Angalia dimbwi kila baada ya siku tatu nne, ukiona vile vidudu vya mbu vinajinyonganyonga juu pitisha kichujio cha chai chenye mpini mrefu, vinakaa juu kuvuta hewa kwa hiyo unavipata kirahisi, na ukivichota vimwage kwenye ile "hapa" ya chandarua, vifaranga vya perege wanavigombania. Vichura vikishatoka vyote mwaga maji, ukaushe mpaka mvua za vuli.