Laptopu ya Linux imegoma kuwaka baada ya masasisho: "unknown-block(0,0)"

Chausiku
Wakuu habari zenu, naombeni msaada wa haraka. Laptopu yangu ina Ubuntu, na diski yote nimeisimba kwa nenosiri. Jana jioni yalikuja masasisho, nikayakubali, nikazima. Leo nawasha, yanashuka maandishi meupe kwenye kioo cheusi, na mstari wa mwisho ni huu:

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`

Kitaa cha Caps Lock kinawaka na kuzima mfululizo, kibodi haiitikii. Kilichonitisha zaidi, haikuniuliza nenosiri la diski. Humo ndani kuna rasimu ya tasnifu yangu. Je, diski imekufa?

mkono_mwepesi
Pole sana. Weka Ubuntu kwenye flashi, sakinisha upya, utamaliza leo leo.

fundi_keneli
Dada Chausiku, tafadhali usisakinishe chochote! Kusakinisha upya juu ya diski hiyo ni kuipoteza tasnifu, na sioni dalili yoyote kwamba diski imekufa.

Angalia namba za kwenye mabano. Ingekuwa (8,1), maana yake keneli (kiini cha mfumo) imeiona sda1 (sehemu ya kwanza ya diski) ila imeshindwa kuisoma, na hapo hata mimi ningepata wasiwasi. Sifuri mbili maana yake haikupata diski yoyote ya kuanzia. Na hilo la nenosiri ndilo linalonipa uhakika. Anayeuliza nenosiri si keneli yenyewe, ni programu iliyomo kwenye faili la initrd.img, ambalo GRUB (programu ya kuwashia mfumo) hulipakia pamoja na keneli. Hukuulizwa, basi faili hilo halipo au limekatika.

Chanzo cha kawaida ni /boot, folda ya faili za kuwashia, kujaa. Diski ikisimbwa, kisakinishi huitenga /boot kwenye sehemu yake ndogo. Kila keneli mpya huleta humo vmlinuz (faili la keneli yenyewe) na initrd.img yake. vmlinuz ni ndogo, hujipenyeza. Initrd huizidi mara kadhaa kwa ukubwa, ndiyo hukosa nafasi.

Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Washa, gusa Esc (mashine za BIOS ya zamani, shikilia Shift) hadi menyu ya GRUB itokee. Usiigonge ovyo: ukizidisha utaangukia kwenye `grub>`, sehemu ya kuandikia amri, hapo andika `reboot` uanze tena. Ingia "Advanced options", chagua keneli iliyotangulia. Ikifunguka, nakili tasnifu kwanza, kisha tuletee majibu ya `df -h /boot` na `ls -lh /boot`.

Chausiku
Imeuliza nenosiri na imefunguka! Tasnifu ipo, nimeshaiweka kwenye flashi. Asante sana, mkuu.

/boot ni 100%. Ipo vmlinuz-6.8.0-45-generic lakini initrd yake haipo. Za 41 na 44 zimekamilika. Nimejaribu `sudo apt autoremove`, inagoma: "No space left on device".

fundi_keneli
Ndivyo inavyokuwa. Kabla ya kufuta chochote, apt (programu ya kuweka na kuondoa programu) inataka kwanza imalizie kuweka keneli 45, na kuimalizia kunahitaji nafasi ambayo haipo. Tuipatie nafasi kwa mkono.

Anza na `uname -r`. Itakuambia 44, hiyo ndiyo unayoitumia sasa, usiiguse hata kidogo. Halafu:

`sudo mv /boot/initrd.img-6.8.0-41-generic /root/`
`sudo dpkg --configure -a`

Hiyo ya pili ndiyo inayotengeneza initrd ya 45. Ikipita bila kulalamika:

`sudo apt purge linux-image-6.8.0-41-generic`
`sudo apt autoremove`
`sudo update-grub`

Usiwashe upya kabla hujatazama tena /boot. initrd ya 45 iwepo, na ukubwa wake ukaribiane na wa 44. Isipokuwepo, ilazimishe: `sudo update-initramfs -c -k 6.8.0-45-generic`, kisha rudia `sudo update-grub`.

Chausiku
Imewaka na keneli 45, nenosiri imeuliza kama kawaida.

mkono_mwepesi
Nimejifunza kitu. Na kama hakuna keneli ya zamani inayowaka?

fundi_keneli
Hapo flashi yako ya Ubuntu ina kazi, ila chagua kujaribu, siyo kusakinisha. Fungua diski kwa `cryptsetup open`, ukiipa jina lilelile lililoandikwa kwenye /etc/crypttab, la sivyo initrd mpya inaweza kutoka bila zana za kuifungua. Ipachike (mount) kwenye /mnt, kisha pachika sehemu ya /boot kwenye /mnt/boot. Hapa wengi hupitiwa, initrd ikaandikwa kwenye folda tupu. Unganisha /dev, /proc na /sys kwa `mount --bind`, ingia kwa `chroot /mnt`, na amri zinazobaki ni hizo hizo za juu.