Tupeane uzoefu: fomula za kemia zilikuingia kupitia kitu gani?

Wadau wa Arusha na Moshi, mdogo wangu yuko kidato cha pili hapa Njiro na fomula zinamtesa sana. H₂O na CO₂ anazo, ila akiona mabano anakwama. Kitabu anacho. Naomba kila mmoja aseme kwake zilifunguka vipi.

Mkulima wa Kibosho: Kwangu ni mrututu, yaani kopa salfeti. Nyumbani tulikuwa tunauchanganya na chokaa kupulizia kahawa, kumbe shuleni unaandikwa CuSO₄·5H₂O. Mwalimu alitia chenga za bluu kwenye testyubu, akazipasha moto. Zikageuka unga mweupe, matone ya maji yakatanda karibu na mdomo wa testyubu. Ilipopoa akadondoshea maji kidogo, bluu ikarudi palepale! Nukta ile ya katikati haimaanishi kuzidisha. Inasema kila CuSO₄ moja imeshika molekuli tano za maji. Katika kilo moja ya mrututu, gramu kama 360 ni maji.

Mama wa Sakina: Mimi nasisitiza herufi. Kubwa inaanzisha elementi mpya, ndogo inamalizia jina la ileile. Co ni kobalti, metali. CO ni kaboni na oksijeni, ile gesi ya jiko la mkaa inayoua watu waliofunga madirisha kwa baridi ya Julai. Haina harufu. Hili wanangu wamelishika kabla ya kitu kingine chochote, na jiko halilali ndani.

Muuza pembejeo, Moshi: Dada, kuhusu mabano mpe mfuko wa urea. CO(NH₂)₂: ile 2 ya nje inazidisha kila kilichomo ndani, kwa hiyo naitrojeni 2, haidrojeni 4. Sasa apige uzito wa atomu: kaboni 12, oksijeni 16, naitrojeni 28, haidrojeni 4, jumla 60. Gawa 28 kwa 60, unapata asilimia 46 na ushee. Ndiyo 46 iliyoandikwa kwenye mfuko! Kilo 50 zina naitrojeni kilo 23. Wateja wangu wengi wanaiona namba hiyo kila msimu, na natamani wote wajue inatoka wapi.

Usa River: Huku chini ya Meru maji mengi yana floraidi, ndiyo maana meno ya kahawia ni mengi. Ile ya kwenye maji ni F⁻, alama ipo juu, ni chaji. F₂, namba ikiwa chini, ni gesi ya sumu kali. Asichanganye juu na chini.

Mwenye mada: Asanteni sana. Na namba kubwa ya mbele je, kama 2H₂O?

Muuza pembejeo, Moshi: Hiyo inahesabu molekuli nzima: haidrojeni 4, oksijeni 2. Leo jioni mpe mbolea ya SA (salfeti ya amonia), (NH₄)₂SO₄, ahesabu atomu zote. Akikuletea 15, mpe za Kidato cha Tatu.