Acheni kuisingizia mvua, lami inabanduka kwa uzembe wenu!

Wadau, nimechoka. Kila msimu wa mvua barabara mpya inafumuka, na jibu ni lile lile: "mvua zilikuwa kubwa." Kwani wakati wa kuisanifu hawakujua kuwa mvua hunyesha?

Maji hayaanzi kwa kuchimba shimo juu. Yanapenya, yanajipachika kati ya lami na kokoto, na kuibandua taratibu, mara nyingi kuanzia chini ya tabaka kwenda juu. Ndiyo maana barabara jana ilionekana nzima, leo imejaa mashimo. Kokoto nazo hazilingani: za graniti, zenye silika (madini ya mchanga) nyingi, huyapenda maji kuliko lami, wakati za mawe ya chokaa huishika vizuri zaidi. Zikiletwa na vumbi lake, lami inang'ang'ania vumbi badala ya jiwe. Kisha linapita lori, tairi linayakandamiza maji yaliyonaswa humo ndani, nayo yanasukuma kila upande yakitafuta pa kutokea. Likitoka hilo, linakuja lingine.

Kinachoniudhi hasa ni ushindiliaji. Lami ya moto ikishindiliwa sawasawa, siku ya kumaliza kazi hubaki na nafasi za hewa asilimia 6 hadi 8 hivi. Zikizidi hapo, vile vitundu vinaungana na maji yanapata njia. Sasa mtu anamwaga mchanganyiko uliokwisha kupoa, rola inapitishwa juu juu ili viongozi wapige picha, halafu analaumu mawingu! Mitaro yenyewe (kama ipo) imejaa takataka, maji yanatuama pembeni na kulowesha msingi.

Na dawa inajulikana. Chokaa iliyozimwa kwa maji, kiasi cha asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa kokoto, huongeza mshikamano. Kipimo kipo pia: vipande vya lami vinaloweshwa, vinapasuliwa, nguvu yake inalinganishwa na ya vilivyobaki vikavu. Viwango vingi vinataka vilivyoloweshwa vibaki na angalau asilimia 80 ya nguvu ya vile vikavu. Huyo mhandisi mshauri anayesaini malipo ya mkandarasi, namba hiyo aliiona?

Walioko kwenye maabara za barabara mseme hapa bila kuzunguka: vile vipande vinaloweshwa kweli, au fomu inajazwa mezani?