Tupeane uzoefu: siku ulipohukumiwa kabla hujafungua mdomo (au wewe ndiye uliyehukumu)

Karani wa Zamu
Wakuu, habari za jioni. Leo kazini nilikuwa naandika kumbukumbu za usaili. Wasailiwa watano, maswali ni yale yale saba. Mimi sina kura, kazi yangu ni kuandika saa ya kuingia, saa ya kutoka na majibu kwa kifupi. Jioni napanga karatasi zangu, nikaona kitu. Wanne wamekaa kati ya dakika 24 na 31. Wa tatu, kijana mwenye lafudhi nzito inayokwambia mara moja katokea upande gani, kakaa dakika 13. Hakuna aliyemtukana wala kumkunjia uso. Mwenyekiti tu aliegemea nyuma akafunika kalamu yake, na yule wa pembeni akawa anaitikia "sawa, sawa" kabla jibu halijaisha. Kwenye safu ya maoni wasaili wote watatu wameandika kitu kimoja: hajiamini, majibu mafupi.

Nimerudi nyumbani moyo mzito, kwa sababu miaka kadhaa nyuma kijana huyo nilikuwa mimi, na mwaka mzima nilijilaumu kwamba sikujiandaa. Tupeane uzoefu. Si lazima uwe uliyetendewa.

Mama Pacha
Umenigusa. Mimi ni fundi umeme. Nikifika kwenye nyumba ya mtu na msaidizi wangu, kijana niliyemfundisha mwenyewe hata kushika bisibisi, salamu napewa mimi, maelezo ya hitilafu anapewa yeye. Anasikiliza mpaka mwisho, halafu ananigeukia: "Bosi, umesikia?" Nampenda bure yule mtoto.

Mpita Njia
Hahaha huyo kijana mwongeze mshahara.

Msomaji wa Usiku
Mleta mada, hicho ulichokiona kimeshapimwa. Mwaka 1974 watafiti watatu wa Marekani, Word, Zanna na Cooper, waliwapa wazungu kazi ya kuwasaili vijana weusi na weupe ambao walikuwa wamefundishwa kujibu kwa namna moja. Wale weusi wakakaliwa mbali zaidi, wasaili wakababaika zaidi katika kusema, na usaili ukakatwa mapema kwa takribani robo ya muda. Hadi hapo utasema mbona tunajua. Sehemu ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi: wakawafundisha wasaili kukaa vile vile kibaridi, wakawaletea wasailiwa wazungu pekee. Nao wakababaika, wakaboronga. Kwa hiyo hiyo "hajiamini" wameipika wao wenyewe, wakampakulia kijana, kisha wakamlaumu kwa kuila.

Ukweli Mchungu
Siku hizi kila kitu ubaguzi. Tahadhari hazikushuka kutoka mbinguni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nimeibiwa mara mbili, zote na watu wa jamii moja. Nijifanye sijaona? Samaki mmoja akioza...

Mama Pacha
Samaki yupi? Umeibiwa na watu wawili. Wa jamii yako wewe hawajawahi kukuibia?

Ukweli Mchungu
Wapo, lakini hao ni wezi tu.

Mama Pacha
Asante, umejijibu.

Ukweli Mchungu
Usinitege kwa maneno dada.

Msomaji wa Usiku
Na wala si lazima uumwe kwanza. Huko Bristol, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwaambia wavulana wa shule wa miaka 14 na 15 kwamba anawagawa kulingana na michoro waliyoipenda, ya mchoraji Klee au ya mchoraji Kandinsky. Uongo, aliwagawa kwa bahati nasibu. Kisha kila mmoja akapewa pointi zenye thamani ya fedha awagawie wenzake asiowaona, yeye mwenyewe hapati kitu. Wakawapendelea wa "kundi lao". Tena mara nyingi walikuwa radhi kundi lao lipate kidogo, mradi lile jingine liachwe nyuma zaidi. Hawakuwa na historia, wala ugomvi, wala nyoka.

Ukweli Mchungu
Watoto na pointi za mchezo. Profesa, leta ya watu wazima.

Sina Jina Leo
Akaunti hii nimeifungua kwa ajili ya hili tu. Naomba msinikatize.

Tulikuwa wanne chumba kimoja, shule ya bweni, mwaka wa mwisho. Mmoja wetu alitoka jamii ambayo kwetu tangu utoto tunaambiwa ina mkono mrefu. Hakuwahi kutugusia hata kalamu. Mimi nilikuwa na saa niliyoachiwa na marehemu baba. Asubuhi moja nikaamka, haipo.

Sikutaja jina la mtu. Hilo nimejitetea nalo miaka yote. Nilisema tu, "Tunajua." Wenzangu wawili wakageuza shingo upande mmoja, kama waliovutwa na kamba. Kiranja akaitwa, akamwambia afungue sanduku. Hakukataa. Alitoa vitu kimoja kimoja, akavipanga kitandani kwa mstari kama anayevihesabu: mashati mawili, madaftari, kipande cha sabuni kilichokatwa katikati kwa uzi ili kidumu, bahasha. Kiranja akaitoa barua akaisoma kwa sauti, sijui saa ingekaaje ndani ya barua. Ilitoka kwa mama yake, ilikuwa habari za deni. Mlangoni watu walishajaa, wakacheka. Alipomaliza sanduku akavua viatu, akauliza, "Na soksi mtazitaka?" Hakuna aliyemjibu. Akazivua hata hivyo.

Wiki ile ile akahama chumba.

Siku nne baadaye mvua ikanyesha. Nikaingiza mguu kwenye buti zangu, nikakanyaga kitu kigumu. Saa. Niliiweka mwenyewe usiku ule nikienda kuoga. Niliificha humo kwa sababu nilikuwa namwogopa yeye.

Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaitumbukiza chini kabisa ya sanduku langu, sikuivaa mpaka tukamaliza shule. Sikumwambia mtu. Kwa wale waliokuwepo, yule bado ni mwizi wa saa, mwizi ambaye hakukamatwa. Sasa ni miaka 19. Inaenda vizuri tu, iko mkononi ninapoandika.

Mpita Njia
Dah.

Kalamu Nyekundu
Nimesoma mara mbili. Hizo soksi.

Ukweli Mchungu
Ulikuwa mtoto. Jisamehe, songa mbele.

Mama Pacha
Ajisamehe kwani kaibiwa yeye? Kaka, mtafute umwombe radhi. Leo.

Bibi Mdogo
Asimtafute! Mwenzake huenda ameshasahau, kwa nini amrudishe kwenye kitanda kile ili yeye alale vizuri? Hiyo radhi ni ya nani?

Mpita Njia
Ampe hiyo saa yaishe.

Bibi Mdogo
Ampe saa halafu akutane nayo mwingine wa bweni lile mkononi mwake? Akili zako zipo kweli?

Mama Pacha
Basi awaandikie wale wawili na kiranja. Wao ndio wanaotembea na uongo. Bibi Mdogo, kuna watu hawasahau. Mimi niliitwa jina fulani darasani nikiwa na miaka tisa na hadi leo nikilisikia nageuka.

Kalamu Nyekundu
Mimi ni mwalimu, nina swali. Tunaambiwa watu wakikaa pamoja, chuki inayeyuka. Hawa walilala chumba kimoja!

Msomaji wa Usiku
Mwanasaikolojia Gordon Allport, aliyeandika hilo mwaka 1954, hakusema kukaa pamoja kunatosha. Aliweka masharti: hadhi sawa, lengo la pamoja, kushirikiana kulifikia, na wenye mamlaka waunge mkono. Sasa mweke kiranja kwenye sharti la mwisho uone. Mamlaka ya chumba kile ilikuja na swali moja tu, tena kwa mtu mmoja. Hata buti za mwenye saa hazikukaguliwa.

Sina Jina Leo
Hazikukaguliwa. Hakuna aliyegusa kitu changu.

Kalamu Nyekundu
Basi mimi nitaendelea na njia ya vipande. Kila mtoto wa kundi anapewa kipande kimoja cha somo awafundishe wenzake, bila yeye somo halikamiliki. Aliianzisha mwanasaikolojia Elliot Aronson huko Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipochanganywa watoto wa rangi tofauti wakawa wanapigana. Darasani kwangu kuna mtoto alikuwa anachekwa anavyotamka. Siku ya kwanza walimcheka. Ya tatu walikuwa wanamwambia "rudia polepole", maana jaribio lilikuwa linakuja. Sijui kama wanampenda. Ila wanamsikiliza.

Bibi Mdogo
Jamani tumemsahau mleta mada. Karani, majina ya waombaji yafichwe kabla ya kuchuja barua.

Msomaji wa Usiku
Hilo lina msingi, na Ukweli Mchungu aliomba ya watu wazima. Watafiti Bertrand na Mullainathan, matokeo ya mwaka 2004: wasifu karibu 5,000 wa kubuni ulitumwa kwa waajiri wa Boston na Chicago, Marekani, sifa zinalingana, majina tu tofauti. Majina yanayosikika ya kizungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya yanayosikika ya weusi.

Mpita Njia
Lafudhi sasa utaifichaje, wasailiwe kwa ishara?

Ukweli Mchungu
Karani, ushauri wangu wa bure: nyamaza. Huna kura, utapoteza kazi na kijana hatapata.

Mama Pacha
Asinyamaze. Awawekee zile dakika mezani bila neno hata moja, waelezane wenyewe.

Bibi Mdogo
Na kila msaili aandike alama baada ya kila swali kabla ya kutazamana na mwenzake. Wakishatazamana imekwisha.

Karani wa Zamu
Nimewasoma wote. Kesho tuna wanane. Fomu yangu nimeiongeza safu ya dakika, nimeiweka kushoto kabisa, jirani na jina, na mwenyekiti anasaini chini ya kila ukurasa. Akiuliza nitasema ni utaratibu wa kumbukumbu.

Ukweli Mchungu
Akikuuliza nani kaweka utaratibu huo?

Karani wa Zamu
Hapo sijapata jibu.

Mama Pacha
Tuletee mrejesho. Na wewe Sina Jina Leo, bado upo?